Tamthilia zangu tatu zimefunga msimu kwa pamoja, na mimi sipati usingizi

SWALI: "Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 33, nimeajiriwa serikalini, na tangu ofisi yetu ihamie Dodoma ninaishi peke yangu. Mume na mtoto wako Dar es Salaam, tunaonana mwisho wa mwezi. Kila siku saa tatu usiku, nikishakula, huwa natazama tamthilia za Marekani. Mwezi Mei tamthilia zangu tatu zilifunga msimu ndani ya majuma mawili. Moja imekwisha kabisa baada ya miaka sita na haitarudi. Nyingine imemwacha mhusika ninayempenda amepigwa risasi, hatujui kama yu hai. Ya tatu imekwenda mapumziko tu. Kwa ile ya kwanza nililia kama niliyefiwa; kwa ile ya pili nilikasirika hadi usingizi ukanikimbia, na bado unanisumbua. Sasa ni juma la tatu, na kila nikianza tamthilia mpya naizima baada ya dakika kumi. Mume wangu anacheka, anasema nawalilia watu wa kuigiza. Mwenzangu wa kazini anasema huo ni upweke, na kwamba nimeanza kuchanganya mchezo na maisha. Je, nina ugonjwa? Na nifanyeje hadi Septemba?"

JIBU: Marahaba. Barua yako ina maswali matatu ndani ya moja, na nadhani ndiyo sababu hukuridhika na jibu la mumeo wala la mwenzako wa kazini, kwa kuwa kila mmoja amejibu swali lake. Kuna kilio cha tamthilia iliyokwisha, kuna hasira ya ile iliyokatishwa njiani, na kuna saa tatu ya usiku ambayo sasa haina kazi. Kwa yale uliyonieleza, sioni ugonjwa. Kulia siku ya mwisho, kununa siku kadhaa na kuona kila kipya hakina ladha ni mambo yanayowapata watazamaji wengi wenye akili timamu. Hata hivyo, kuna sentensi moja uliyoiandika kwa kupita ambayo imenishughulisha kuliko machozi yako, nami nitaifikia.

Nianze na tuhuma ya kuchanganya mchezo na maisha. Aliyechanganya mambo hayo angepiga simu polisi mhusika yule alipopigwa risasi, au angeanza kuchangisha fedha za matibabu. Wewe ulikasirika huku ukijua fika kwamba mwigizaji alinyanyuka, akafuta rangi nyekundu kifuani na kwenda kula. Kujua na kuhisi ni kazi mbili ambazo akili huzifanya kwa wakati mmoja, wala moja haiizuii nyingine. Mwaka 1956, televisheni ikiwa bado ngeni katika nyumba nyingi, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika katika jarida la Psychiatry kwamba mtazamaji hujenga na mtu wa kwenye kioo uhusiano unaofanana na wa ana kwa ana, ingawa ni wa upande mmoja, kwa sababu yule wa kwenye kioo hamjui kabisa anayemtazama. Hawakuuelezea kama wazimu. Waliueleza kuwa ni sehemu ya namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Namna yenyewe haina uchawi. Kamera humleta mhusika karibu nawe kwa umbali ambao katika maisha ya kila siku tunawaruhusu ndugu, mpenzi na mtoto peke yao. Unauona mdomo wake ukitetemeka kabla hajasema, unazisikia siri ambazo hata mama yake mzazi katika hadithi hazijui, na unajua atakuja lini. Akili ya binadamu humzoea mtu kwa uso, kwa sauti na kwa kukutana naye mara kwa mara, nayo haina njia nyingine iliyotengwa kwa ajili ya kuwazoea watu wa kuigiza. Miaka sita ni muda mrefu wa kuzoeana. Kwa hiyo siku mhusika anapoaga, akili hufanya ileile inayofanya rafiki anapohama mji, na macho hutoa machozi bila kungoja uthibitisho kwamba rafiki huyo alikuwa wa kweli.

Wala usidhani kwamba jambo hili limeletwa na kizazi chako au na ukaaji wako wa peke yako. Mwaka 2011 kituo cha TBC kilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping mwenyewe, alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja kama mfano wa namna Watanzania walivyopata kuyaona maisha ya familia za Kichina. Ikiwa mkwe mmoja wa kubuni wa Beijing aliweza kuingia katika hotuba ya mkuu wa nchi, machozi yako ya Dodoma hayahitaji kufichwa. Na kama mumeo ni shabiki wa Simba au wa Yanga, muulize kwa upole kile kimya chake cha Jumamosi jioni timu yake inapofungwa anakilipiwa na nani. Wale wachezaji hawamjui, na hata hivyo uchungu wake ni wa kweli.

Mwenzako wa kazini, kwa upande wake, amepatia nusu. Tamthilia ya Friends ilipofungwa moja kwa moja tarehe 6 Mei 2004, baada ya misimu 10, Wamarekani zaidi ya milioni 52 waliitazama sehemu ya mwisho, na watafiti Keren Eyal na Jonathan Cohen waliitumia nafasi hiyo kuwahoji wanafunzi 279 kuhusu namna walivyoumia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kilichobashiri uchungu kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote kilikuwa ni kina cha uhusiano wa mtazamaji na mhusika aliyempenda zaidi. Upweke ulikuwemo katika orodha ya sababu, lakini haukuwa wa kwanza. Maana yake ni kwamba mtu mwenye nyumba iliyojaa watu anaweza kulia sana kwa sababu alimpenda mhusika, na mpweke asiyempenda mhusika yeyote akazima televisheni na kulala salama. Kwa hiyo machozi yako peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa upweke. Ushahidi huo, kama upo, uko mahali pengine katika barua yako.

Hasira ya tamthilia ya pili ni jambo la namna nyingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo inayokuibia usingizi. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatishwa kuliko ile waliyoimaliza. Haki inanitaka niseme kwamba waliorudia majaribio hayo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Kilichosimama imara zaidi ni ile hamu ya kurudia jambo lililokatishwa na kulimalizia, ambayo ilichunguzwa na mwenzake, Maria Ovsiankina. Hamu hiyo ndiyo inayokuamsha saa nane usiku ukipiga hesabu za risasi iliingilia wapi. Umekatishwa katikati ya shughuli, na akili yako inadai irudishwe kazini.

Uliyekatishwa hukukatishwa kwa bahati mbaya, tena haikutokea tu kwamba tamthilia zako zote zikafunga katika mwezi mmoja. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani, kwa desturi ya miaka mingi, huanza msimu mwezi Septemba na kuufunga Mei. Kampuni ya Nielsen, inayopima idadi ya watazamaji nchini humo, kwa miongo kadhaa ilikuwa na vipindi vyake vikubwa vya upimaji katika miezi ya Novemba, Februari, Mei na Julai, na vituo vya miji mbalimbali vilitumia takwimu hizo kupanga bei ya matangazo ya biashara. Harusi, mazishi, ajali na risasi zikajikuta zinapendelea mwezi Mei. Mwezi huohuo vituo hukutana na wanunuzi wa matangazo mjini New York na kutangaza ratiba ya msimu ujao, kwa hiyo mara nyingi waandishi huandika sehemu ya mwisho bila kujua kama watarudi kazini. Kumwacha mhusika sakafuni akivuja damu ni mbinu ya kukufanya urudi Septemba. Tena ni namna ya kumwambia mwenye kituo kwamba watu wanangoja, asithubutu kufuta.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa tamthilia ya Dallas. Tarehe 21 Machi 1980 mhusika wake mkuu, J.R. Ewing, alipigwa risasi na mtu asiyeonekana, na mgomo wa waigizaji uliotokea mwaka huo ukachelewesha msimu mpya, hata jibu likapatikana tarehe 21 Novemba, miezi minane baadaye, mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kufikia milioni 83 nchini Marekani peke yake. Wengi wa watu hao walikuwa wamengoja miezi hiyo yote wakiwa wamekasirika kama wewe, na hasira yao ilikuwa ndiyo bidhaa iliyouzwa. Upo pia mfano usiopendeza: kichekesho cha ALF kilifunga msimu mwezi Machi 1990 kikiwa kimemwacha mgeni wake kutoka sayari nyingine mikononi mwa wanajeshi, kikafutwa, na watazamaji wakapata mwendelezo kwa njia ya filamu mwaka 1996. Nakueleza haya ili hatua yako ya kwanza iwe ya kawaida kabisa: tafuta mara moja tu, mchana, kama kituo kimeshatangaza kwamba tamthilia hiyo itarudi. Kama itarudi, unangoja. Kama imefutwa, basi umefiwa na tamthilia mbili badala ya moja, na ni afadhali ulijue hilo mapema.

Baada ya hapo, chukua karatasi. Andika maswali ambayo hadithi imekuacha nayo, jibu unaloliona lina uwezekano mkubwa, na tarehe utakayorudi kulitazama jambo hilo. Ushauri huu unaweza kukuchekesha, lakini una msingi: mwaka 2011 watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo ambalo halijatimizwa hupunguza kuingilia mawazo ya mtu pindi anapoweka mpango mahususi wa kulitimiza, hata kabla ya kulitimiza lenyewe. Ninachokukataza ni kusoma uvumi wa mashabiki kitandani. Kila nadharia mpya huifungua upya ile kazi iliyokatishwa, na simu mkononi saa sita usiku haijapata kumlaza mtu.

Kuhusu ile ya tatu, iliyokwenda mapumziko, sina mengi. Waandishi wa Marekani walipogoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008 na tamthilia nyingi zikasimama, watafiti waliofuatilia watazamaji waliona kwamba hata kutengana kwa muda huleta uchungu, ingawa mtu anajua wazi kwamba wahusika wake watarudi. Walioumia zaidi walikuwa wale waliotazama kwa ajili ya kupata mtu wa kukaa naye.

Hapo ndipo ninapoirudia sentensi yako. Umeandika kwamba tangu ofisi ihamie Dodoma unaishi peke yako, mume na mtoto wako Dar es Salaam, na mnaonana mwisho wa mwezi. Kisha ukaendelea na tamthilia kana kwamba hayo yalikuwa maelezo ya anwani. Mimi nimeyasoma kama kiini cha barua. Saa tatu usiku katika nyumba ya familia ni saa ya kumlaza mtoto, ya kugombana kidogo kuhusu bili ya umeme, ya kusimuliana yaliyotokea kazini. Saa hiyo ulipoipoteza, ukaijaza kwa watu waliokuja kila siku bila kuhitaji nauli. Simaanishi kwamba ulikosea. Mwaka 2009 Jaye Derrick, Shira Gabriel na Kurt Hugenberg walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kipindi anachokipenda mtu humpatia hisia ya kuwa miongoni mwa watu, na kwamba watu hukikimbilia hasa wanapojihisi wapweke. Ulijitibu kwa dawa inayofanya kazi. Tatizo ni kwamba dawa hiyo hupangiwa ratiba na mtu aliyeko Marekani asiyejua kwamba upo.

Kwa hiyo, nifanyeje hadi Septemba? Unaweza kuirudia tamthilia iliyokwisha tangu mwanzo. Wengi hufanya hivyo, na kwa majuma machache inaliwaza kweli, kwa kuwa unajua nani atakufa na lini na huhitaji kujikinga. Lakini ukiimaliza utaagana tena, na sijaona faida ya kuagana mara ya pili. Unaweza pia kuacha kulazimisha tamthilia mpya. Dakika kumi hazitoshi kumpenda mtu yeyote, na unawapima wageni hao kwa kipimo cha watu mliozoeana miaka sita. Utakapokuwa tayari, chagua kitu kisichofanana na ulichopoteza, labda kifupi chenye mwisho unaojulikana, na ukipe sehemu mbili nzima kabla ya kukihukumu. Usikimeze chote mwishoni mwa juma moja. Watafiti wa Melbourne walioyalinganisha makundi ya watazamaji mwaka 2017 waliona kwamba waliomeza mfululizo mzima kwa mkupuo walisema waliufurahia kidogo kuliko wale walioupata kwa vipindi, na kumbukumbu yao ilichujuka haraka zaidi.

Ushauri wangu hasa, ambao ningeupendelea kuliko hiyo mingine, ni kwamba tamthilia inayofuata uitazame pamoja na mumeo, yeye akiwa Dar es Salaam na wewe Dodoma, mkianza kwa wakati mmoja, simu ikiwa wazi baada ya kila sehemu. Achague yeye ya kwanza, hata kama ni ya polisi na magari. Faida yake ni mbili. Msimu utakapofungwa, atakayebaki si mhusika bali mtu mliyetazama naye. Na mzaha wake kuhusu watu wa kuigiza utapungua siku yeye mwenyewe atakapokupigia kuuliza kama yule askari amekufa kweli. Kabla ya hapo, mweleze bila ugomvi kwamba kilichokuuma si tamthilia tu bali saa ile ya usiku. Inawezekana hajui. Wanaume wengi wanaoachwa nyumbani na mtoto hudhani aliyehamishwa kikazi ndiye aliyepumzika. Na jioni moja au mbili katika juma, saa hiyo itoke kabisa mbele ya kioo: kwaya, darasa la jioni, chakula kwa jirani, chochote chenye watu wanaoweza kukuuliza mbona jana hukuja.

Kuwaandikia wenye kituo si upuuzi pia, kama hasira yako inatafuta kazi. Tamthilia ya Jericho ilipofutwa mwaka 2007, mashabiki walituma katika ofisi za CBS karanga za tani nyingi, wakifuata neno la Kiingereza "nuts", yaani karanga, lililosemwa katika sehemu ya mwisho, na kituo kikarudisha tamthilia hiyo kwa sehemu saba. Lakini tuwe wakweli: visa vya namna hiyo ni vichache, na gharama ya kutuma karanga kutoka Dodoma ingekula mshahara.

Sasa sehemu ambayo sitaki uipite haraka. Juma la tatu la kukosa ladha ya tamthilia silihesabu kuwa ugonjwa. Jiulize kama kukosa ladha huko kumevuka mipaka ya tamthilia. Je, chakula nacho hakina ladha? Je, simu ya mtoto unaipokea kwa uzito? Je, huzuni inakaa nawe sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, na usingizi umeharibika hata usiku ambao hukufikiria risasi yoyote? Je, kazini unakosea mambo uliyokuwa ukiyafanya ukiwa umefumba macho? Ukijibu ndiyo kwa baadhi ya hayo, basi tamthilia imefunua kitu kilichokuwepo kabla yake, na jibu la kuandikwa kama hili halitoshi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ukaonane na daktari, umweleze kuhusu kuhama na kutengana na familia, si kuhusu Mei tu. Mjini kwako ipo pia Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo linatumiwa mitaani kumtania mtu kwamba amerukwa na akili, na utani huo umewachelewesha watu wengi waliohitaji mazungumzo ya kawaida na mtaalamu. Hospitali ya afya ya akili huwahudumia pia watu wanaokwenda kwa miguu yao wenyewe na kurudi kazini mchana huohuo. Na likikujia wazo la kujidhuru au la kutamani usiwepo, usingoje kliniki ya juma lijalo: mwambie mtu aliye karibu, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Kama majibu yako ni hapana, anza na karatasi na simu ya mumeo, kwa mpangilio huo. Jipe majuma mengine mawili. Hali ikibaki vilevile, usianze kwa kuniandikia tena. Nenda kamwone daktari kwanza, kisha uniandikie.